Sanamu ya Askari Posta, Makumbusho ya Majimaji Songea au Mkunazini: umpeleke wapi mtoto akaione historia?

Binti yangu yuko form two, likizo iliyopita walipewa kazi, chagua sanamu au mnara mmoja wa kihistoria, nenda kauone kwa macho yako halafu uandike umejifunza nini. Akaja kuniuliza baba twende wapi, na mimi kwa haraka nikamjibu si hapo tu Posta, sanamu ya askari, nauli ya mwendokasi tu tumemaliza. Tukaenda. Kafika pale kaangalia juu muda mrefuu, akanigeukia, "sasa baba huyu alikuwa anampigania nani?" Nikafungua mdomo nikakwama. Maana jibu la kweli ni kwamba alikuwa anampigania mfalme wa Uingereza, na ukishasema hivyo inabidi ueleze kwanini basi yuko katikati ya Dar es Salaam mpaka leo, amesimama kama shujaa wetu.

Lile swali limenisumbua sana, ikabidi nirudi kufikiria upya sehemu zote tatu ambazo wazazi na walimu huwa tunapeleka watoto, Posta, Songea na Mkunazini kule Unguja, kote nimeshafika kwa nyakati tofauti. Naandika hapa kwa ajili ya mzazi au mwalimu ambaye ana nauli ya sehemu moja tu na anataka kujua aanze wapi. Kitu nilichokuwa nakitafuta kila mahali ni majina. Nani katajwa kwa jina lake, nani kabaki kuitwa "askari", "wachukuzi", "watumwa" basi. Ukishika huo uzi unaona kabisa mkono wa aliyekuwa na madaraka siku ile sanamu inasimamishwa.

POSTA

Hapa ndo rahisi kufika kuliko kote na ndo pagumu kuelewa. Ni pale kwenye kipilefti cha mtaa wa Samora na Maktaba, askari wa shaba kashika bunduki yenye singe ameielekeza bandarini. Alizinduliwa 1927, kuwakumbuka waliopigana na kufa vita ya kwanza ya dunia. Kachongwa Uingereza na bwana anaitwa James Alexander Stevenson, na kabla ya kupakiwa melini alionyeshwa kwanza London kwenye ukumbi wa sanaa wa Royal Academy, watu wakamsifia. Yaani waliomwona mwanzo na kusema huyu kapendeza ni watu wa London, sio mama yake wala mke wake wala jirani yake.

Ila hadithi yenyewe inaanza nyuma zaidi. Dar hii hii 1909 Wajerumani walisimamisha sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann, yule aliyekuja kuwavunja watu wa pwani kwenye vita ya Abushiri. Mzungu kasimama juu, chini yake askari Mwafrika anamtazama kwa heshima huku analaza bendera ya Ujerumani juu ya simba aliyekufa. Waingereza walivyouteka mji 1916 wakaiangusha, ikachukuliwa Ulaya, 1922 ikasimamishwa tena Hamburg, na wanafunzi wa chuo kikuu cha kulekule wakaja kuiangusha mara ya mwisho 1968. Sasa ziweke hizo sanamu mbili pembeni kwa pembeni kichwani mwako. Ya Mjerumani, Mwafrika yuko chini anaangalia juu. Ya Mwingereza, Mwafrika kapandishwa juu kabisa na mzungu haonekani. Mtoto akiishia hapo atasema basi Mwingereza alikuwa na heshima. Mwambie asome maandishi.

Maandishi yaliandikwa na Rudyard Kipling, ambaye naye alifiwa na mtoto wake wa kiume kwenye vita hiyohiyo 1915. Yapo kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanawataja askari wenyeji waliopigana, yanawataja wachukuzi kuwa ndo walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na wote waliokufa wakimtumikia mfalme wao na nchi yao, halafu mwishoni linakuja lile neno zito, kwamba ukipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Mimi nimezunguka lile jukwaa lote nikitafuta jina hata moja. Hamna!

Hao wachukuzi walikuwa wangapi? Upande wa Waingereza peke yake walikusanya wapagazi karibu milioni moja kwa vita nzima, wengine walikamatwa tu vijijini, na hesabu ya serikali yenyewe ya waliokufa inapita 90,000, wengi wao hawakufa kwa risasi, walikufa kwa kuhara, malaria, nimonia na njaa huku wamebeba mizigo ya watu wengine. Mwaka 2021 ile tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika wa Afrika Mashariki na Wamisri, hawakuandikwa majina yao popote au hawakukumbukwa kabisa. Kuna maofisa waliamua makusudi kwamba kwa "wenyeji" mnara wa jumla unatosha. Ndo huo wa Posta, na ndugu zake wa miaka hiyohiyo walioko Nairobi na Mombasa.

Na upande wa pili je? Maelfu ya vijana waliozaliwa humuhumu walipigana kwa Mjerumani chini ya kamanda wao von Lettow-Vorbeck mpaka aliposalimu amri Abercorn, siku hizi Mbala Zambia, Novemba 1918. Hao Posta hawapo. Wakaja kuchongwa Hamburg, enzi za Hitler, kwenye kambi ya jeshi iliyopewa jina la huyo huyo von Lettow-Vorbeck, ili waonekane "askari waaminifu" na Ujerumani ionekane ilipendwa. Kila mwenye dola kamchonga Mwafrika anayemfaa yeye.

Kwa hiyo Posta ni pazuri, tena pazuri sana, ila sio kwa sababu ya shujaa. Ni darasa la kusoma sanamu. Bure, hamna kiingilio, saa moja inatosha. Na tafadhali usiishie pale. Ukitoka shuka na mtoto mpaka Kariakoo, umwambie hili jina limetoka wapi. Palikuwa kambi ya wale wachukuzi, Carrier Corps kwa Kiingereza, wazee wetu wakalitamka Kariakoo, wenzetu Nairobi wana Kariokor yao. Hakuna mchongaji aliyeletwa, hakuna shaba, lakini kila siku watu wanalitaja, konda analiita kwa sauti, na hakuna gavana aliyeamuru. Binti yangu aliposikia hivyo alisimama pale barabarani watu wanampita huku na huku wana mizigo kichwani na yeye anawaangalia tu.

SONGEA

Ni mbali, hilo tuliseme mapema. Ukitoka Dar ni zaidi ya kilomita 900, basi la alfajiri unafika usiku, na kama huna ndugu kule jumlisha na gesti. Kwa wa Mbeya, Njombe, Ruvuma yenyewe, wala msifikirie mara mbili, nendeni.

Makumbusho ya Majimaji yalifunguliwa 1980, yakaja kuingizwa rasmi Makumbusho ya Taifa 2010. Pale ndipo walipozikwa viongozi wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani, tarehe inayokumbukwa kila mwaka ni 27 Februari, siku waliponyongwa wengi 1906. Wanatajwa mashujaa 67. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, alinyongwa peke yake baadae na familia yake mpaka leo wanaamini kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikwenda palepale, akakutana na wajukuu, akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu. Sasa hiyo kwa mtoto inakuwa sio historia ya kwenye kitabu tena, ni kesi ambayo bado iko wazi, babu hajarudi nyumbani.

Sanamu za pale sio za Royal Academy. Ukiwa umezoea shaba ya Posta utaziona za kawaida tu. Ila unapita mbele ya mmoja mmoja, na kila mmoja ana jina na ukoo na eneo lake. Humtazami juu kama yule wa Posta, mnatazamana. Muulizie Nkomanile, mwanamke aliyekuwa kiongozi kule Kitanda, naye alinyongwa, mwanamke peke yake kati ya wanaume wote wale. Vitabu vingi nilivyosomea mimi havikumtaja kabisa, na ningependa sana wasichana wa form two wamjue kabla hawajamjua Bismarck.

Lakini nisiwadanganye kwamba Songea ni ukweli mtupu na Posta ni uongo mtupu. Na hapa pia kuna mkono wa dola, ni vile tu ni dola yetu. Majimaji ilianza Julai 1905 kule Nandete, Umatumbi, watu wakang'oa pamba waliyolazimishwa kulima, mganga Kinjikitile wa Ngarambe akanyongwa Mohoro mwanzoni kabisa mwa Agosti, na vita ikaendelea mpaka 1907 bila yeye. TANU ilipokuja kudai uhuru ilihitaji hadithi ya watu wa makabila mengi waliosimama pamoja, na Majimaji ndo ilikuwa hiyo, Mwalimu Nyerere mwenyewe aliitaja Umoja wa Mataifa 1956. Baada ya uhuru ikaingia mashuleni, ikaingia kwenye jukwaa la tamthiliya, Ebrahim Hussein na Kinjeketile yake 1969, na Hussein alikuwa muungwana, aliandika wazi kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni, sio yule wa Ngarambe. Tatizo ni sisi wasomaji, ukiuliza watu leo wengi wanakusimulia ya jukwaani wakidhani ndo yenyewe.

Kilichobaki nje ni kwamba jeshi lililoizima Majimaji kwa sehemu kubwa lilikuwa la Waafrika, Wasudani, Wanyamwezi, Wamanyema na wengine. Wahehe wengi safari hiyo walikuwa upande wa Mjerumani. Kiwanga wa kule Mahenge alipigana akiwa upande wa Mjerumani mpaka akauawa. Na Wangoni wenyewe kabla ya hapo walikuwa watawala waliowateka majirani zao, kwahiyo mjukuu wa waliotekwa akisimama mbele ya zile sanamu anaona kitu kingine kabisa. Halafu kuna wasiokuwa na sanamu hata moja, wale waliokufa kwa njaa. Wajerumani walichoma mashamba na maghala makusudi, wao wenyewe walihesabu vifo 75,000, wanahistoria waliokuja baadae wanasema 250,000 mpaka 300,000. Wengi wao ni wanawake na watoto na wazee waliokufa kimya kimya miezi mingi baada ya bunduki kunyamaza. Njaa haichongeki kirahisi, haina panda wala mkuki. Kama unakwenda na darasa hili lizungumzeni ndani ya basi kabla hamjafika, maana mkishafika mtavutwa na kitanzi na silaha, ndivyo macho ya watoto yalivyo.

MKUNAZINI

Hapa sina maneno mengi ya kusifia ile kazi, inajisifia. Clara Sörnäs, mchongaji wa Sweden, 1998, watu watano wamesimama ndani ya shimo nje ya kanisa la Anglikana, minyororo ya kweli shingoni. Wewe uko juu, unainamisha kichwa kuwaona. Kwa sanaa tupu, nguvu ya kukushika koo, hakuna inayoifikia kati ya hizi tatu. Mwanangu wa kwanza nilimpeleka akiwa darasa la nne na nilikosea, alilala vibaya wiki nzima. Chini ya miaka 12 mimi sishauri.

Ila sasa simama uangalie sanamu iko wapi. Iko kwenye uwanja wa kanisa lililojengwa na wamisionari wa Kiingereza chini ya Askofu Steere, palepale soko la watumwa lilipokuwa, baada ya Sultan Barghash kulazimishwa na Waingereza kulifunga 1873, na wanaokutembeza watakuonyesha altare ilipo mahali pa mti wa kuchapia. Hadithi uliyoandaliwa na majengo yenyewe ni hii, Mwarabu aliuza, Mwingereza akaja akaokoa, msalaba ukasimama. Hayo yametokea, mimi sikatai soko wala minyororo, wala sitaki mtu atumie maneno yangu kusema utumwa wa Zanzibar ulikuwa mwepesi. Lakini Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Mwingereza 1890 na utumwa ukaendelea kutambuliwa kisheria mpaka 1897, huku karafuu zinavunwa na nani unadhani? Tanganyika wameupiga marufuku kabisa 1922, miaka minne baada ya vita ya yule askari wa Posta. Na mnunuzi je? Wafaransa wa visiwa vya Mauritius na Réunion walinunua watu huku pwani kwa mashamba yao ya miwa. Pembe walizobebeshwa watumwa toka bara zilikwenda kuwa vitufe vya piano Ulaya na Marekani, na kitambaa tulichokiita merikani mpaka leo kilisukwa Massachusetts kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa kule. Hao wote shimoni hawapo, wala pembeni ya shimo hawapo.

Na vile vyumba vya chini ya ile nyumba ya jirani, vile mnavyoinama kuingia mnaambiwa walifungiwa humu, kuna wanahistoria wanaopinga, wanasema nyumba ile ilijengwa na wamisionari soko likiwa limeshafungwa. Mueleze mtoto hivyo kabla hajaingia. Haipunguzi machungu, inamfundisha kuuliza jengo lina umri gani.

Majina? Hayapo. Watu watano, hakuna hata mmoja mwenye jina, na kwa sehemu hii naona mchongaji alikuwa mkweli kwa namna yake, maana kuuzwa ndo hiyo, kunyang'anywa jina. Kuna jambo moja la kuwa nalo makini. Darasani kuna watoto wenye asili ya Kiarabu, nimeona mwenyewe mtoto wa rafiki yangu anataniwa kwenye boti wakati wa kurudi, "babu yako ndo aliuza", akalia njia nzima mpaka bandarini. Mwalimu wao hakusema kitu, na mimi nilikuwa nimekaa viti viwili nyuma nikachelewa kuinuka, naujutia ule ukimya mpaka leo. Kama hujajiandaa kuzungumza habari za wanunuzi wote, wa meli zote, usipeleke darasa Mkunazini.

SASA UCHAGUE NINI

Kama mtoto yuko msingi na uko Dar au karibu, Posta na Kariakoo siku moja, Jumapili asubuhi maana magari ni machache na anaweza kuzunguka jukwaa bila kugongwa. Ubebe karatasi anakili maandishi ya Kiswahili kwa mkono wake. Usimwambie jibu, muulize tu hapa pameandikwa jina la nani.

Kama yuko sekondari na una nauli, mi nasema Songea, hata mbele ya Mkunazini, na najua wengi hamtakubali sababu Zanzibar kuna bahari na pilau na kila kitu. Songea kuna wajukuu. Nenda Februari wakati wa kumbukumbu, utawakuta wazee wa Kingoni wenyewe, utasikia Kingoni kinavyosimulia tofauti na bango linavyosimulia, mtoto akae pale katikati asikilize pande zote mbili. Kiingilio kipo, wenyeji hawalipi sawa na wageni, ulizeni mapema kama mnakwenda kwa kundi la shule.

Mkunazini mpeleke aliyeshafika angalau sehemu moja kati ya hizo, awe ameshazoea kuuliza nani kaweka na lini. Boti toka Dar ni kama masaa mawili, mnaenda na kurudi siku moja mkitaka, ila kama mnaweza laleni, msimtoe mtoto kwenye lile shimo mkamkimbiza bandarini. Mpeni jioni Forodhani akae, aulize.

Wa Nairobi na Mombasa, hamna haja ya kuvuka mpaka kwa hii ya kwanza, minara yenu ya 1914 mpaka 1918 iko katikati ya mji na Kariokor iko palepale, mazungumzo ni yaleyale.

Binti yangu mwishowe hakuandika habari ya yule askari. Aliniomba simu akampigia bibi yake Masasi kumuuliza kama kuna mtu wa ukoo wetu alichukuliwa upagazi wakati ule. Bibi akasema yupo, kaka wa babu yake, walikuja wakamchukua shambani na hakurudi, akamtajia na jina. Mtoto kaliandika juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, halafu ndo akaanza, "Sanamu niliyoitembelea iko Posta, Dar es Salaam."